Herufi Thelathini na Nne

4 Februari

Kwako Kijiti, mpwa wangu,

Marahaba. Najua ushaniamkia hata kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo nimeitikia mapema. Sisi tupo. Kamanda, mke wangu na mkuu wangu wa kazi, goti bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Wiki iliyopita muuza mchele alimletea gunia ambalo nusu yake ni pumba, akamrudisha nalo kichwani mpaka alikotoka, mtaa mzima umetoka kutazama. Chumba chako tumekipaka rangi upya, buluu ile nyepesi. Nimepaka mwenyewe, kwa hiyo usitegemee kuona mchirizi popote.

Utasema mjomba naye na barua zake, simu ipo. Simu ni ya kuulizana hali. Jambo la maana naliandika, maana hati yangu ndiyo kitu pekee kizuri nilichojaliwa. Sura walipewa wengine.

Mwaka huu nimefikisha miaka arobaini na moja nikiandika mabango. Ukitembea kutoka stendi mpaka kituo cha afya, duka la dawa ni mimi, kinyozi ni mimi, shule ya msingi ni mimi, hata lile onyo la kutokojoa ukutani ni mimi, na ndilo linalosomwa kuliko yote ingawa hakuna anayelitii. Sasa sikia hii. Mwezi uliopita nimepata kazi kubwa kuliko zote. Mabati mawili yameunganishwa, yanakaa juu ya lango la mtaa, pale barabara yetu inapoanza. Herufi thelathini na nne katika mistari miwili. Wa juu una kumi na nane, wa chini kumi na sita, na ukilitazama kutoka ng'ambo ya barabara utaapa mistari imelingana. Nilipiga uzi wa chaki mara tatu mpaka nikaridhika. Mwenyekiti wa kamati alinishika mkono mbele ya watu akasema mtaa una fundi mmoja tu. Kichwa kilivimba, sikufichi.

Ndiyo, siku hizi kuna kamati. Mtaa umejaa, kila siku wanaingia watu wapya, vibanda sokoni ni vilevile, na maneno ni mengi. Kamati imeundwa kuweka utaratibu tu, hakuna anayemchukia mtu. Mimi nimeteuliwa mjumbe wa heshima na nina kiti changu mstari wa mbele. Lakini hayo ni mambo ya wazee, usijisumbue nayo.

Unakuja lini? Chumba kinanuka rangi mpya na hakina mtu.

Mjomba wako, fundi.

*

27 Februari

Shikamoo Mjomba, na Kamanda shikamoo mara mbili, moja ya mwezi uliopita ambao sikupiga simu. Mwambie apake mafuta lile goti na apumzike, najua hatasikia, lakini mwambie.

Barua yako imechukua siku kumi na saba. Niliisoma karakana, mikono imejaa plasta, mwanafunzi wangu akinigeuzia kurasa. Huku tuko salama. Kazi ya miguu ya bandia haiishi, na mwaka huu wamenipa kuongoza meza nzima, watu sita chini yangu. Nawaambia ulichokuwa ukiniambia mimi nikishika brashi: pima mara mbili, kata mara moja, halafu rudi nyuma hatua tatu utazame. Wanadhani ni maarifa ya chuoni. Jana tulimkabidhi mguu mzee mmoja, seremala mstaafu, mkaidi kama wewe. Mwanzo tulisumbuana kidogo, lakini ametoka akitembea.

Sasa Mjomba, kaa kitini. Na Kamanda akae. Nina mimba ya miezi mitatu. Mume wangu, ambaye hospitalini anapikia wagonjwa mia mbili na nyumbani hawezi kuchemsha yai bila kuniuliza, tangu alipojua anatembea kama mtu aliyebeba sinia la glasi. Mtoto tunamtarajia mwishoni mwa mwezi wa nane.

Nataka kujifungulia nyumbani. Mama alinizaa katika chumba hicho mlichokipaka buluu, na mikono iliyonipokea ni ya Kamanda. Mama hayupo, baba hayupo, nyinyi ndio mlionilea, na sioni mahali pengine pa mtoto wangu kuanzia. Nipeni nafasi nije mwanzoni mwa mwezi wa saba, nikae mpaka apate nguvu. Mume wangu atafuata baadaye.

Nimesoma habari za bango nikacheka peke yangu. Lakini hukuniambia limeandikwa nini. Barua nzima umenipa idadi ya herufi! Na Fundi Saa mbona hukumtaja? Miaka yote nasoma utani wake katika barua zako, vibanda vyenu vimegusana, hata chai mnakunywa kikombe kimoja. Anaumwa?

Mpwa wako, Kijiti, ingawa sasa jina hilo linaanza kunikataa kiunoni.

*

21 Machi

Kijiti wangu, mama mtarajiwa,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya huyo aliyemo ndani ambaye bado hajui kuamkia.

Barua ilifika saa nne asubuhi. Nilimsomea Kamanda, akaenda jikoni, akafunga mlango. Nilipomfuata nikamkuta anafuta macho kwa kitambaa cha vyombo, akaniambia ni moshi. Tangu tulipohamia jiko la gesi, nyumba hii haijawahi kuwa na moshi. Jioni akashona foronya mbili. Kwa hiyo njoo, mwanangu, njoo hata kesho. Unauliza kama kuna nafasi, kana kwamba unaandikia nyumba ya wageni!

Kuongoza watu sita sikushangai. Nimejipiga kifua kibandani mpaka wateja wakaniomba niache.

Sasa kuna jambo dogo, nimeshalimaliza, nakueleza ili ujue tu. Kwa utaratibu mpya, mtu anayekuja kukaa zaidi ya wiki mbili anaulizwa ametokea wapi upande wa baba. Na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa wa kuja. Nikawaambia wajumbe wenzangu lisiwe tatizo, yule ni damu ya dada yangu, nimemlea mimi. Walizungumza kidogo, kisha Mwenyekiti kwa mkono wake akaandika barua ya utambulisho: kwamba wewe ni wa kuja kwa upande wa baba lakini umelelewa na mwenyeji mwaminifu, kwa hiyo unaruhusiwa miezi sita, mimi nikiwa mdhamini wako. Nimeiweka humu ndani. Ishike vizuri, isikunjike penye muhuri. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyepewa barua kama hiyo. Nimeipata kwa sababu ya heshima niliyonayo, na ninajivunia kukupa.

Bango ni la kutambulisha mtaa tu. Fundi Saa amehama, ana mambo yake.

Kamanda anauliza unapenda kula nini siku hizi na unachukia nini. Jibu upesi, maana ameshaanza kununua.

Mjomba wako.

*

9 Aprili

Mjomba, shikamoo. Naandika salamu kwa sababu mlinifundisha kusalimu hata nikiwa na hasira. Kamanda, shikamoo. Mimba haina shida, napenda ndimu, nachukia harufu ya vitunguu. Hayo ndiyo mazuri niliyonayo leo.

Kabla barua yako haijafika, rafiki yangu niliyesoma naye alinitumia picha simuni. Ni lango la mtaa wetu, na juu yake mabati mawili, rangi nyeupe, maandishi meusi yenye kivuli chekundu. MTAA HUU NI WA WENYEJI. WAKUJA MWISHO HAPA. Nikasema hapana. Nikazihesabu herufi. Thelathini na nne. Nikazihesabu tena nikitumaini nimekosea.

Hata bila kuhesabu ningejua. W zako ni fupi katikati tangu nikiwa mdogo, na bango lile lina W nne. Mjomba, ni bango zuri kuliko yote uliyoandika. Hilo ndilo lililonikata maini. Ungekuwa umeliandika ovyo, ningesema ulilazimishwa.

Kisha nikatafuta kile kibrashi kidogo unachochora pembeni, chini kulia, alama yako. Duka la dawa lina kibrashi. Shule ina kibrashi. Onyo la mkojo lina kibrashi, na Kamanda alikucheka siku nzima ulipokiweka. Hili halina. Nimeikuza picha mpaka ikawa ukungu mtupu. Kwa hiyo usiniambie hukujua unaandika nini. Mkono wako ulijua.

Nilikwambia tulisumbuana na yule seremala. Sikukwambia tulisumbuana nini, kwa sababu sikutaka uumie. Alikaa kwenye kiti changu, mguu umekatwa chini ya goti, akaisikia lafudhi yangu, akasema hataki mguu uliopitia mikono ya mgeni. Alisema mbele ya wanafunzi wangu wote. Nikamwambia, mzee, mguu huu utatengenezwa na fundi bora wa karakana hii, na kwa bahati mbaya yako fundi huyo ni mimi. Nikapiga magoti nikapima kigutu chake. Niliweza kusema vile kwa sababu nimelelewa na wewe, Mjomba. Nilijua kuna mahali duniani ambapo mimi si mgeni, na nilikuwa najivunia mahali hapo kila siku ya kazi.

Kumbe mahali hapo wewe ndiye uliyenifungia, tena kwa herufi nzuri.

Barua ya utambulisho nakurudishia humu. Sikuikunja penye muhuri. Sitaingia mtaa niliozaliwa kwa ruhusa ya miezi sita, na mtoto wangu hatazaliwa akiwa na mdhamini. Unasema hakuna mwingine aliyepewa. Umejiuliza Fundi Saa, naye wa kuja, alikuwa akipita kibandani kwako kila asubuhi akitazama nini juu ya lango?

Sitakuja. Foronya Kamanda azitumie kwa wageni wengine, kama bado mnaruhusiwa kuwa nao.

Kijiti.

*

6 Mei

Mjomba, shikamoo,

Siku zimepita na hakuna barua. Nimepiga simu mara mbili, Kamanda anapokea, ananiuliza kuhusu miguu kuvimba, nikikutaja anasema umetoka. Hujawahi kutoka mara mbili kwa wiki maishani mwako.

Yale niliyoandika siyafuti. Lakini kama unaumwa niambie, maana hasira yangu haikuombea hilo. Mtoto ameanza kupiga mateke. Nilidhani ungependa kujua.

Mpwa wako.

*

24 Mei

Kijiti,

Marahaba zote mbili. Siumwi. Nilikuwa natoka kweli, Kamanda hakukudanganya. Anapiga mateke? Mguu gani? Wa kulia ni fundi.

Nianze kwa kukwambia kwamba barua yako ilinitia hasira. Nilisema mtoto nimemlea mwenyewe, leo ananifundisha kazi. Nikaiweka chini ya kopo la rangi siku tatu. Siku ya nne nikaitoa kuisoma tena nikitafuta uongo ndani yake, nisiuone.

Nilipoletewa yale maneno kwenye karatasi sikuyasoma, nilihesabu. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Fundi wa mabango akipewa maneno anaanza na hesabu: herufi ngapi, nafasi ngapi, M na W zinakula upana kiasi gani. Miaka arobaini na moja nimeandika hivyo. Nimeandika mabango ya dawa nisizozijua na ya makanisa nisikosali. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa mchana ule. Lakini nilipofika pembeni chini kulia nikachovya kile kibrashi kidogo, mkono ukagoma. Nikasema nimechoka, nitaweka kesho. Kesho sikuweka. Sasa unajua na mimi najua.

Na Fundi Saa. Hilo nililificha kuliko yote. Asubuhi ile bango lilipopandishwa alitoka kibandani, akasimama kulitazama akiwa na ile lenzi yake bado jichoni. Nilidhani atanitukana. Nikajiandaa. Akasema, "Fundi, umeandika vizuri. Linasomeka hata kwa mbali." Akarudi ndani akaanza kutoa saa za watu ukutani, moja moja, akizifunga kwenye magazeti. Alifunga siku mbili. Kibanda changu kimegusana na chake, nilimsikia kila alipokata gazeti, na sikunyanyuka. Miaka ishirini na mbili tumekunywa chai pamoja, nami nilikaa kwenye kiti nikijifanya nasafisha brashi.

Basi baada ya siku ile ya nne nilimwambia Kamanda nataka ngazi. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia. Hakuuliza tena, alivaa viatu. Nikasema goti lako je. Akasema, "Goti langu limekusubiri tangu mwezi wa kwanza." Kumbe miezi yote ile alikuwa akininyamazia, na mimi nilidhani ananiheshimu!

Tulikwenda Jumamosi saa sita mchana, soko limejaa. Nilitaka wanione. Kamanda ameshika ngazi, mimi nimepanda na makopo mawili. Kwa la kwanza nilichora kibrashi changu, chini kulia, kikubwa kuliko kawaida. Watu wakaanza kukusanyika. Mwenyekiti akaja mbio, akapaza sauti, "Fundi, unafanya nini huko juu?"

Nikasema, "Naweka sahihi. Nilisahau."

Akafurahi, masikini! Akawaambia watu wapige makofi, na wengine wakapiga. Nikangoja wamalize. Kisha nikawageukia, nikawaambia hiki ninachokwambia: bango hili ni kazi yangu, mtu asitafute mwingine wa kumlaumu. Nikalisoma kwa sauti, neno kwa neno, na nakuapia Kijiti, ndiyo mara ya kwanza nililisoma. Nikawaambia nina mpwa niliyemlea kwa mikono hii, baba yake alikuwa wa kuja, na bango langu linamwambia yeye na mtoto aliye tumboni kwamba mwisho wao ni hapa. Nililia juu ya ngazi mbele ya soko zima, mzee mzima, na sikuona haya. Nikafungua kopo la pili, rangi nyeupe, nikaanza kufuta kutoka herufi ya kwanza.

Mwenyekiti akasema nishuke, hiyo ni mali ya kamati. Nikamwambia mabati ni ya kamati, herufi ni zangu. Vijana wake wawili wakaisogelea ngazi. Kamanda akawauliza ni nani kati yao anataka kuwa wa kwanza kumwangusha mama wa miaka sitini na tatu. Wakarudi nyuma. Mwenyekiti akasema sisi tunawalinda watoto wetu na watu wasiowajua. Kamanda akamjibu, "Aliyefunga ile pampu ya maji unayochota kila siku ni baba yake Kijiti. Wa kuja. Kuanzia leo usichote." Watu waliangua kicheko, na wengine hawakucheka. Niliwaona wote kutoka juu. Hawakuwa wachache, wale ambao hawakucheka.

Nikamaliza herufi ya mwisho nikashuka. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikalitazama. Bati jeupe tupu, na chini kulia kibrashi changu. Sijawahi kuweka sahihi kwenye kazi nikaipenda vile.

Sitaki kukudanganya kuhusu yaliyofuata. Nimefukuzwa kamati. Maduka manne yamepaka chokaa juu ya mabango yangu, na kinyozi, ambaye nilimwandikia bure alipoanza, akipita ananigeuzia kisogo. Jirani wa kushoto hatusalimii. Wa kulia ametuletea mboga, akaziweka mlangoni akaondoka. Ndivyo mtaa ulivyo sasa, umekatika katikati, na mimi nilishika msumeno upande mmoja.

Kamati ikatafuta fundi mwingine wa kuandika upya. Mjini tuko wanne. Wa kwanza akasema ana kazi nyingi. Wa pili akasema mkono unauma. Wa tatu ni Kipara, yule ninayemsema miaka yote kwamba herufi zake zimelewa. Kipara aliwaambia hivi: "Bati alilofuta fundi yule mimi sitii brashi." Alinifuata mwenyewe kibandani kunieleza, akakaa, akanywa chai, akanikosoa rangi. Nimesema mabaya mengi juu ya Kipara na nayarudisha yote, isipokuwa kuhusu herufi zake, hizo bado zimelewa.

Kwa hiyo ikabidi waagize bango la plastiki kutoka mbali, lililochapwa na mashine. Limetundikwa juzi. Liko pale, mwanangu, na maneno ni yaleyale. Ila nataka ujue kwamba hakuna mkono wa fundi hata mmoja wa mji huu uliokubali kuyaandika mara ya pili.

Zile siku nilizotoka, nilikuwa namtafuta Fundi Saa. Nilimpata kwenye mji mwingine, safari ya saa tano, ana meza ndogo chini ya ngazi za jengo la ofisi. Nikamwomba radhi. Alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa, hakunipa mkono. Akasema amesikia habari za ngazi. Akasema harudi. Nikamwambia nimekuja kuandika jina lake juu ya meza yake kama atapenda. Akaniambia nije tena mwezi ujao, atakuwa ameamua. Nitakwenda. Na akisema hapana, nitakwenda mwezi unaofuata.

Ile barua yenye muhuri nimeichana. Hapa sina cheo tena na siwezi kukuombea kwa mtu yeyote. Nilichonacho ni nyumba yenye chumba, Kamanda, na mimi. Nilikukosea, Kijiti. Nilikukosea nikiwa na akili zangu timamu na brashi mkononi. Ukija nitashukuru, usipokuja nitaelewa, na mtoto mwambie kwamba ana babu huku ambaye alichelewa kusoma.

Mjomba wako.

*

12 Juni

Mjomba wangu, shikamoo. Kamanda wangu, shikamoo, na ile habari ya "kuanzia leo usichote" nimemsimulia mume wangu jikoni kwao, wapishi wakaacha masufuria. Sisi wazima. Daktari amenipima akasema mtoto amekaa vizuri na naweza kusafiri. Mateke ni ya mguu wa kulia.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nikaenda nayo karakana nikaisoma tena. Wanafunzi wangu wakaniuliza ninalia nini. Nikawaambia mjomba wangu amepanda ngazi. Hawakuelewa, nikawaeleza yote, na nilipofika kwenye kibrashi chini kulia mmoja wao akapiga meza kwa kiganja. Yule seremala alikuwepo, amekuja kukazwa mkanda wa mguu. Alipoondoka alinishika mkono, kwa mara ya kwanza. Sijui alimaanisha nini na sikumuuliza.

Hasira bado ipo kidogo, nakwambia ili usije ukadhani imekwisha. Nikifika itabidi tuizungumze, wewe na mimi, na Fundi Saa utaniambia habari zake zote, usiruke hata moja. Lakini umeniuliza kama nitakuja. Mjomba, nimejigamba kwa ajili yako tangu nikiwa darasa la pili, ulipoandika jina la shule nikawaonyesha wenzangu kwa kidole. Sijawahi kujigamba kama mwezi huu.

Nafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, mchana. Stendi usije kunipokea, na Kamanda usimruhusu. Wala usimwombe mtu yeyote anisindikize. Kaeni nyumbani mnisubiri kama anavyosubiriwa mtoto wa nyumba. Nitashuka na mabegi yangu na tumbo langu, nitapita langoni katikati ya barabara chini ya plastiki yao, taratibu, maana siku hizi siwezi kukimbia na sina sababu ya kukimbia. Na yeyote atakayenisimamisha kuniuliza natoka wapi, nitamwambia nakwenda nyumbani kwetu, anipishe.

Kijiti.